Oda ya lodge: fileti, loini, spea ribsi, gamoni. Naomba kueleweshwa vipande vya nguruwe

MamaBanda_Karatu

Habari zenu wadau wa ufugaji. Nafuga nguruwe hapa Karatu, siyo kwa ukubwa huo, ila kila wiki naweza kuchinja wawili wa kilo 90 hivi wakiwa hai. Siku zote nawauzia wenye bar za kitimoto, na biashara hiyo haina maneno mengi. Jamaa anakuja na pikipiki, anasema "mama nipe nusu" au "nipe paja na mbavu", tunapima, analipa, anaondoka.

Sasa nimepata lodge moja barabara ya kuelekea geti la Ngorongoro. Mpishi wao mkuu kanitumia oda ya kila Alhamisi:

Fileti kilo 4
Chopsi za loini, na mfupa, kilo 12
Spea ribsi kilo 6
Beli yenye ngozi, bila mfupa, kilo 8
Gamoni moja, kilo 5

Mchinjaji wangu anajua steki, mbavu, paja, mkono na kichwa. Nikimtajia loini ananiangalia tu. Nimetafuta mtandaoni naletewa picha za nguruwe aliyechorwa mistari, na kila picha ina mistari yake. Ya Wamarekani haifanani na ya Waingereza.

Anayejua anieleweshe: hivi vipande vinatoka wapi, na je, nguruwe wawili wanatosha? Bei aliyonipa inaizidi mbali ile elfu kumi ninayouza kilo ya mchanganyiko, kwa hiyo sitaki kuanza kwa kuaibika.

Fundi_Gerezani

Mama, mimi nauza spea za Toyota hapa Gerezani na hiyo spea ribsi stoo haipo. Ngoja waje wenyewe. Nakaa pembeni na ndizi zangu za kukaanga nikisubiri mdudu.

BuchaKijenge

Mama Banda, mimi nina bucha ya nguruwe Kijenge, Arusha. Kabla ya hapo nilikuwa nakata nyama kwenye jiko la hoteli, chini ya mpishi Mjerumani aliyekuwa akipima unene wa chopsi kwa rula. Kwa hiyo hizo oda nazijua.

Nianze na jibu. Hao wawili wanatosha kwa kila kitu isipokuwa mstari wa kwanza. Fileti kilo 4 kwa nguruwe wawili haipo, hata ukate vipi.

Achana kwanza na zile picha. Tundika nusu ya nguruwe kwenye ndoano, upande wa ndani ukutazame. Una sehemu nne kubwa tu: mkono na bega lake, mgongo, tumbo, na paja. Majina mengine yote ni vipande vya hizo nne, au ni mojawapo iliyotiwa chumvi na moshi. Picha zinatofautiana kwa sababu kila nchi inapitisha msumeno pake. Kuna wanaotenga bega baada ya ubavu wa pili, mimi natenga baada ya wa nne. Nyama ni ileile.

Loini ni mgongo, kuanzia pale bega lilipoishia hadi kwenye nyonga. Una uti wa mgongo katikati. Nje ya uti kuna msuli mrefu mnene wenye tabaka la mafuta juu yake, na huo ndio wanaotaka watu wa chopsi. Ndani ya uti, kwa chini, kumejificha msuli mdogo ambao nguruwe karibu hautumii kabisa, ndiyo maana ni laini hivyo. Huo ndio fileti. Wazee wa bucha wengine wanauita sarara, ila wapo wanaotumia jina hilo kwa nyama yote laini ya mgongoni, kwa hiyo usiliandike kwenye risiti.

Kuitoa hivi. Ng'oa figo na mafuta yake kwanza (mafuta hayo usitupe, yakiyeyushwa ndiyo safi kuliko yote ya kukaangia). Utaiona fileti imelala kando ya uti, kichwa chake kinene kiko nyongani na mkia unachongoka kuelekea mbavuni. Penyeza vidole chini ya kile kichwa mpaka kiachane na mfupa. Halafu kisu kidogo kifuate mfupa huku mkono wa pili ukivuta polepole. Usiikate njiani ukasema utamalizia baadaye, ikitoka vipande viwili imeshakuwa nyama ya mishikaki. Ikitoka nzima ina urefu wa sentimita 30 hivi, upande mmoja una utando unaong'aa, na kwa nguruwe wa kilo 90 inapima gramu 400 hadi 500.

Sasa piga hesabu. Nguruwe mmoja ana fileti mbili, wako wawili wanakupa nne. Nne kwa gramu 450 ni kilo 1.8. Kilo 4 zinataka nguruwe watano. Mpishi analijua hilo, anachodhani ni kwamba wewe una nguruwe wengi.

Wapo wanaotatua tatizo hili kwa kuchana loini kwa urefu, wanachonga ncha, wanafunga kwenye nailoni, wanaandika fileti. Nakuomba usifanye. Loini ni nyeupe kuliko fileti, fileti ina wekundu zaidi, na mpishi akiweka kisu tu ameshajua. Hutapata oda ya pili.

Halafu kuna jambo ambalo zile picha hazisemi, nalo ndilo linalomtia mchinjaji hasara: kila kipande kinachukuliwa kutoka kwenye kipande kingine.

Chopsi za nyuma, za karibu na nyonga, zina mfupa wenye umbo la T, loini upande huu na fileti upande ule. Ni zile za tiboni. Ukishatoa fileti nzima huwezi tena kutoa tiboni, utabaki na chopsi yenye mfupa na msuli mmoja. Kwa hiyo muulize mpishi: kilo 12 za chopsi anazitaka za mbavuni tu, au anategemea tiboni humo ndani? Akitaka tiboni, fileti inapungua au inaisha kabisa. Chopsi za mbele, zenye kipande cha ubavu, hizo hazigusi fileti.

Mbavu nazo ni hivyohivyo. Spea ribsi ni mbavu za tumboni, ndefu, bapa, zina mafuta mafuta. Zile fupi zilizopinda, zinazotoka kule juu kwenye uti, ni za loini. Ukizitoa hizo kama ubao wa mbavu, chopsi zako zinabaki bila mfupa. Mshukuru mpishi wako, kaagiza chopsi na mfupa na mbavu za tumboni. Na beli, yaani nyama ya tumbo, kaitaka bila mfupa. Maana yake unachomoa mbavu, zinakuwa spea ribsi, na kinachobaki chini yake ndiyo beli. Ila kisu kilalie mifupa, kisizame. Ukikwangua nyama nyingi ili mbavu zipendeze, beli inatoboka, na beli yenye mashimo mpishi hawezi kuikunja rosti. Kwa nguruwe wako kila upande utatoa mbavu kilo 1.5 hivi na beli kilo 4. Pande nne, mbavu kilo 6 na beli 16. Umetoshea, beli zinazidi.

Loini na mfupa, fileti ikishatoka, ni kama kilo 6 kila upande. Una kilo 24, yeye anataka 12.

Ngozi ya beli. Mchinjaji wako ananyonyoa kwa maji au anachuna? Kama anachuna, beli yenye ngozi imekufa hapohapo. Kama ni maji, yasichemke. Nyuzi 60 na kidogo zinatosha, mkono huwezi kuuacha humo lakini maji hayatoi mapovu. Yakichemka ngozi inaiva, manyoya yanakaza, na kesho yake mtu anakwangua kwa wembe. Masalia yaunguzwe kwa moto wa gesi, sio matairi. Nimeona watu wanatumia matairi, halafu wanashangaa mzungu ananusa sahani.

Gamoni ni paja lililokaa kwenye maji ya chumvi siku kadhaa, likiwa bado bichi. Likishapikwa ndiyo linaitwa hemu. Hapo sikushauri ujitose. Ile chumvi ya kuhifadhia nyama, yenye rangi ya waridi, inawekwa gramu 2.5 kwa kilo ya nyama, na ukizidisha ni sumu. Huo sio mzigo wa kupimia kijiko. Mpelekee paja bichi la kilo 5, lenye ngozi, alowanishe mwenyewe. Wapishi wengi wanapenda hivyo.

Mwandikie hivi: fileti nzima nne kwa wiki, na kilo mbili na ushee zilizobaki uzifidie kwa loini isiyo na mfupa, kwa bei ya loini. Atakubali.

Halafu usije ukawaringia wenye bar kwa sababu umepata lodge. Hebu ona kinachobaki: mabega manne, mapaja matatu na kipande, vichwa viwili, makongoro, maini, beli kilo 8, na loini inayobaki. Hiyo ndiyo nyama nyingi ya nguruwe, na wenye bar za kitimoto ndio watakaoibeba. Lodge inalamba asali juu.

MamaBanda_Karatu

Shikamoo mzee wa Kijenge. Nimesoma nikiwa na daftari. Mchinjaji ananyonyoa kwa maji, ila nimemuuliza ya moto kiasi gani akasema "ya ugali". Tutarekebisha.

Nina swali moja. Hapo kwenye steki. Sisi huku tukisema steki tuna maana nyama yoyote isiyo na mfupa, na lodge ya kwanza niliyowahi kuongea nayo walinirudishia mzigo wa steki. Kwa nini?

BuchaKijenge

Marahaba mwanangu.

Kwa sababu uliwapelekea mchanganyiko wa bega na paja, wao walikuwa wanasubiri vipande vilivyokatwa kwa unene mmoja, kukatiza nyuzi, vya kuweka kwenye kikaango moja kwa moja. Buchani kwetu steki inajibu swali moja tu, mfupa upo au haupo. Jikoni kwao inajibu pia imetoka wapi na ina unene gani. Usiandike steki. Andika "bega bila mfupa" au "loini bila mfupa, sentimita 2". Ugomvi utaisha.

Moto_wa_Kitengela

Salamu kutoka Kenya. Mzee amemaliza, mimi niongeze ya bega tu, maana naona mnalipeleka lote kwa bar.

Mimi huchoma nyama wikendi nyuma ya nyumba. Kwenye bega, ile sehemu ya juu inayoshikana na shingo, ina mafuta yaliyoingia katikati ya nyama. Ukiikata vipande vya sentimita 2 na nusu ukachoma kwa makaa, inashinda chopsi mbali sana, kwa sababu chopsi ukiipitisha dakika mbili tu inakauka. Hapa kwetu bado inauzwa bei ya kawaida kwa kuwa watu wanakimbilia chopsi na mbavu. Msiwaambie.

Mama Banda, ukiona Mmarekani ameandika Boston butt, usimletee matako. Ni hiyohiyo juu ya bega. Sehemu ya chini yake, ya mkono, wao wanaiita pikniki. Na zile mbavu wanazoita za "bebi" hazitoki kwa mtoto wa nguruwe, ni zile fupi za mgongoni alizosema mzee. Kuna jirani yangu alichinja mtoto mzima kwa sababu ya hilo jina, nilimhurumia.

Ustaadh_Msomaji

Mimi sili na sitakula, lakini huu uzi nimeusoma mpaka hapa. Mzee wa Kijenge andika na wa mbuzi.

AfisaMifugo_K

Nyote mmeongea ya kisu, ngoja niongee ya ukaguzi, kwa sababu huo upande wa Karatu na Mbulu naujua.

Nguruwe wanaozurura wakala kinyesi cha watu wanapata minyoo ya tegu. Ndani ya misuli utaona vifuko vyeupe kama punje za mchele, hasa ulimini, shingoni, begani na kwenye moyo. Anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva anapata tegu tumboni. Mayai ya tegu yakitoka kwa mtu huyo yakaingia kwenye chakula au maji ya mwingine, vifuko vinaweza kuota mpaka kwenye ubongo, na hicho ni chanzo kimojawapo kikubwa cha kifafa sehemu zinazofuga nguruwe. Sisemi kumtisha mtu. Nasema nyama ikikutwa na punje hizo haipelekwi lodge, na haipelekwi bar pia.

Mama Banda, funga nguruwe bandani muda wote, choo cha nyumbani kiwe na mlango, na mkaguzi awepo siku ya kuchinja apige muhuri kabla mzoga haujakatwa. Ukishaukata vipande vya loini na beli, atakagua nini?

Hili nalisema kwa sababu lodge itataka fileti iwe na rangi ya waridi katikati. Wamarekani mwaka 2011 walishusha kiwango chao cha nyama nzima ya nguruwe kutoka nyuzi 71 hadi 63, kisha ipumzike dakika tatu. Ya kusaga ikabaki 71. Mpishi mwenye kipimajoto anaweza kufanya hivyo kwa nyama iliyokaguliwa. Kwa rosti la bar, iive mpaka ndani, hakuna mjadala.

Mchagga_Leicester

Nipo Uingereza, nafanya kazi kaunta ya nyama ya supamaketi. Nathibitisha ya gamoni. Huku inauzwa mbichi, imeshatiwa chumvi, na karibu na Krismasi watu wanagombania. Ila angalia, vipande vya kuchoma vya gamoni vinavyouzwa huku vimo vyenye moshi na visivyo na moshi, kwa hiyo muulize mpishi anataka ipi hata kama analowanisha mwenyewe, maana ya moshi inataka vifaa.

Na ikitokea siku moja akakuomba nyama ya bekoni, usikimbilie beli. Bekoni ya huku ni ya mgongo, loini yenye kamkia ka tumbo. Ya Wamarekani ndiyo ya beli, yenye mistari ya mafuta. Lodge yenye wageni wa pande zote mbili huwa inataka zote mbili.

MamaBanda_Karatu

Mrejesho wadau. Nimempigia mpishi. Amekubali fileti nne nzima kwa wiki, na loini bila mfupa kujazia. Chopsi anataka za mbavuni, tiboni hana haja nayo. Paja la gamoni atalitia chumvi mwenyewe, bila moshi. Mkaguzi nimeshaongea naye, atakuja Jumatano asubuhi.

Ila kaongeza kitu. Anataka "mashavu" kilo 1. Na vichwa vyote viwili nimeshamwahidi mwenye bar wa hapa njia panda, anapika supu ya kichwa kila Ijumaa. Naweza kutoa mashavu bila kuharibu kichwa?

BuchaKijenge

Muulize mashavu gani kwanza. Yapo mawili. Kuna ule msuli mdogo wa kutafunia, mwekundu, gramu 100 na kitu kila upande, wa kupika polepole kwenye mvinyo. Akitaka huo kilo 1, vichwa vyako viwili vinatoa nusu yake tu. Na kuna shavu lote na mafuta yake mpaka kooni, lile ambalo Waitaliano wanalitia chumvi, wanalikausha na kuliweka kwenye tambi. Hilo vichwa viwili vinatosha na kuzidi.

Msuli mdogo unaweza kuutoa kwa ndani, kinywa kikiwa wazi, na kichwa kikabaki na sura yake. Shavu lote ukilitoa, mwenye supu ataona. Mwambie mapema, na umpunguzie bei. Akinuna mwongezee makongoro mawili, supu yake itakuwa nzito kuliko ya kichwa peke yake.